Printa inapokataa katriji iliyojazwa wino upya

Umejaza wino kwenye katriji iliyokwisha, umeirudisha mahali pake, na printa imegoma. Kabla hujaiosha, hujaitikisa wala hujaitupa, jiulize swali moja: printa imekataa kuchapa, au imekubali ila inachapa vibaya? Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana wanahangaika kutwa nzima bila kufika popote. Printa inayokataa ina shida ya umeme, kumbukumbu ya chipu au masharti ya mtengenezaji. Printa inayokubali lakini karatasi inatoka nyeupe, yenye michirizi au yenye rangi zilizoingiliana, ina shida ya wino na hewa. Kuosha vitundu vya wino hakutarekebisha chipu, na kubadili mipangilio ya kompyuta hakutatoa kiputo cha hewa kwenye sponji.

Katikati ya hayo kuna onyo. Onyo linatokea kwenye skrini, linatisha, lina rangi ya chungwa au alama ya mshangao, lakini ukilisoma hadi mwisho unakuta lina kitufe cha kuendelea. Naamini katriji nzima zinazotupwa kwa sababu ya onyo ni nyingi kuliko zinazotupwa kwa sababu zimekufa kweli. Inasikitisha, kwa sababu mara nyingi dawa ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja.

Jua kwanza una katriji ya aina gani

Igeuze uangalie upande wa chini. Ukiona kibati chembamba chenye mistari ya vitundu vidogo mno, na mgongoni kuna ukanda wenye nukta za shaba, hiyo ni katriji yenye kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, ndani yake. Katriji nyingi za printa ndogo za HP ziko hivi, kama namba 301, 302, 304, 305, 61, 63, 65 na 67, na za Canon kama PG-445 nyeusi na CL-446 ya rangi. Ukibadilisha katriji ya namna hii umebadilisha na kichwa.

Ukiona badala yake tundu moja la kutokea wino, na pembeni kijichipu kidogo kama ukucha, hiyo ni chombo cha wino tu. Kichwa kinabaki ndani ya printa. Epson, Brother na zile Canon zenye katriji moja kwa kila rangi ziko hivi. Tofauti hii inaamua karibu kila kitu kinachofuata, maana ile ya kwanza huweza kuungua na kuziba, wakati ya pili hukataliwa hasa kwa ajili ya chipu yake.

Dalili: printa inasema wino umekwisha, ingawa umeujaza

Karibu kila anayejaza wino kwa mara ya kwanza hukutana na hili. Printa nyingi za nyumbani hazipimi wino uliomo ndani ya katriji. Zinahesabu matone yaliyorushwa, zinakadiria kilichobaki, na kuandika hesabu hiyo kwenye chipu au kwenye kumbukumbu yao. Wewe umeongeza wino, lakini hukugusa hesabu. Kwa printa, katriji ile bado ni tupu na itaendelea kuwa tupu hadi mwisho wa maisha yake.

Kwenye HP zenye katriji za kichwa, ujumbe huwa unasema katriji imetumika au imejazwa upya, au kwamba kiwango cha wino hakijulikani. Bonyeza OK au Endelea, kwenye printa au kwenye dirisha lililofunguka kompyuta, kisha chapa. Kipimo cha wino kitabaki kitupu. Usijaribu kukirekebisha. Kwenye matoleo ya zamani watu walibandika selotepu juu ya baadhi ya viguso, zile nukta za shaba, ili printa isahau namba ya katriji, na maelekezo hayo bado yanazunguka sana. Kwa katriji za sasa hayana haja, na gundi ya selotepu ikibaki kwenye shaba inakuletea tatizo jipya ambalo hukuwa nalo.

Kwenye Canon ndogo utaona namba 1686 au 1688, au kwenye kiskrini kidogo E13 au E16. Ya kwanza ya kila jozi inamaanisha wino huenda umekwisha, ya pili inamaanisha umekwisha. Kwa zote mbili, shikilia kitufe cha Stop kwa sekunde 5 au zaidi, kisha kiachie. Printa inazima ufuatiliaji wa wino kwa katriji ile na kuendelea na kazi. Nyeusi na ya rangi zinafuatiliwa kila moja peke yake, kwa hiyo usishangae ukilazimika kufanya hivyo tena siku nyingine kwa ile ya pili. Huu si ujanja wa vichochoroni. Canon wenyewe wameuandika kwenye vitabu vya maelekezo vya printa hizo. Na mwanzoni mwa mwaka 2022, uhaba wa chipu ulipolazimisha kampuni hiyo kuuza katriji za tona (wino wa unga) zisizo na chipu kwa printa zake za ofisini, iliwaeleza wateja wake namna ya kulipita onyo ambalo mashine zake zenyewe zingetoa. Chipu ya kuhesabu wino na uwezo wa kuchapa ni mambo mawili tofauti.

Epson ni habari nyingine. Kwenye printa zake za katriji, hesabu ya chipu ikifika sifuri printa inasimama, na hakuna kitufe cha kushikilia. Zaidi ya hapo, kwenye printa zake nyingi rangi moja ikikwisha hata maandishi meusi hayatoki. Hapa una njia mbili: kifaa cha kurejesha chipu, ambacho unakigusisha kwenye viguso vya chipu mpaka taa yake ikuonyeshe imerudi kuwa imejaa, au katriji za kujaza zenye chipu inayojirejesha yenyewe. Hizo za pili zinachanganya watu kwa sababu hazijirejeshi pale unapomimina wino. Printa inabidi iisome chipu upya, na hiyo hutokea unapopitia hatua ya kubadilisha katriji kwenye menyu ya printa yenyewe, au unapoizima na kuiwasha. Ukinyanyua tu mfuniko, ukachomoa na kurudisha kwa haraka, printa haijui kama kuna kilichobadilika. Angalia pia kwamba kifaa cha kurejesha kinaendana na kizazi cha chipu yako. Kisipoendana, taa yake haitaonyesha chochote na chipu itabaki ilivyokuwa.

Brother za zamani zilikuwa na kitambuzi cha mwanga kinachotazama kupitia ukuta wa katriji inayopitisha nuru, kwa hiyo huko kilichotakiwa kilikuwa kurudisha kielea, kipande kinachoelea kwenye wino, mahali pake. Za baadaye zina chipu na zinakwenda kwa utaratibu wa kubadilisha au kurejesha chipu.

Ukishazima ufuatiliaji, mlinzi wa wino ni wewe. Njia ninayoipenda ni mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Pima katriji ikiwa imejaa, andika uzito kwenye lebo yake kwa kalamu, kisha ipime mara kwa mara. Mililita 1 ya wino ina uzito unaokaribia gramu 1, kwa hiyo hesabu yake haisumbui. Sababu ya kujali hili inakuja hapa chini, na ni nzito.

Dalili: printa haiitambui katriji kabisa

Taa zote mbili za wino zinawaka na kuzima, au skrini inasema kuna tatizo la katriji, au Canon inaleta 1401, 1485 au 1682. Hapa hakuna cha kubonyeza. Printa imejaribu kuzungumza na katriji kwa umeme na haikupata jibu linaloeleweka.

Sababu ya kwanza kuitafuta ni uchafu kwenye viguso, zile nukta za shaba. Wakati wa kujaza, tone moja linalotiririka mgongoni mwa katriji linatosha kuunganisha nukta mbili ambazo hazipaswi kuungana. Vidole navyo huacha mafuta. Zima printa, chomoa waya wa umeme, toa katriji. Lowanisha kidogo kitambaa kisichoacha nyuzi kwa maji yaliyokenekwa, ukikikamua mpaka kisidondoke, na ufute nukta kutoka juu kwenda chini, ukielekea upande wa vitundu lakini bila kuvifikia. Usizungushe mkono, maana unarudisha wino pale ulipoutoa. Wino uliokauka ukikaidi, spiriti safi ya isopropili kidogo itaulegeza. Karatasi ya kuchujia kahawa inafaa kuliko tishu, kwa kuwa tishu huacha unyoya. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: safisha na viguso vilivyo ndani ya kibebeo cha katriji, vile vipini vidogo vinavyogusana na nukta hizo. Nimeona mafundi wakisafisha katriji ileile tena na tena huku uchafu uko ndani ya printa. Acha kila kitu kikauke dakika kumi hivi, rudisha, sukuma mpaka usikie mlio wa kunasa.

Kama bado hujui ni ipi kati ya mbili inayoleta ugomvi, toa moja. HP nyingi zinazotumia katriji mbili zinaweza kuchapa kwa katriji moja iliyobaki. Ukitoa nyeusi na ujumbe ukaondoka, umempata mhusika. Ujumbe ukibaki, irudishe na utoe ya rangi.

Sababu ya pili ni ya kusikitisha: kichwa kimeungua. Katriji za HP na Canon zenye kichwa hurusha wino kwa joto. Nyuma ya kila kitundu kuna kipasha moto kidogo kinachochemsha wino kwa muda mfupi sana, kiputo cha mvuke kinatokea, nacho kinasukuma tone nje. Wino huohuo ndio unaokipoza. Ukichapa wakati wino umekwisha, kipasha moto kinabaki kama sufuria tupu iliyosahaulika juu ya moto. Vichache vikiungua utaona mistari myeupe isiyoondoka kwa usafishaji wowote. Saketi ikiharibika zaidi, printa inapoipima inakuta hitilafu na kuikataa katriji yote. Hakuna dawa ya hilo. Jaza mara tu rangi inapoanza kufifia, na bora hata kabla ya hapo. Mtu anayesubiri mpaka ukurasa utoke mweupe ndipo ajaze huwa anajaza katriji iliyokwisha kufa.

Sababu ya tatu haihusiani na kujaza kwako. Canon PG-245, PG-445 na PG-545 zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na zinauzwa kwa maeneo tofauti ya dunia. Ukinunua katriji iliyojazwa yenye namba ya eneo jingine itaingia vizuri, itanasa, na printa itasema katriji sahihi haijawekwa. Linganisha namba iliyo kwenye katriji na iliyoandikwa ndani ya mfuniko wa printa kabla hujafungua pakiti. Hakikisha pia hakuna utepe wa kinga uliobaki, na kwamba nyeusi na ya rangi hazikubadilishana nafasi.

Dalili: ilikuwa inakubali, kisha siku moja ikaacha

Hukugusa kitu. Jana ilichapa, leo inasema katriji imezuiwa au haikubaliki. Mtuhumiwa ni sasisho la programu ya ndani ya printa, ile inayokaa kwenye printa yenyewe na inayoweza kujipakua kupitia intaneti bila kukuuliza.

Tukio lililowafumbua watu macho ni la tarehe 13 Septemba 2016, ambapo printa nyingi za HP za jamii ya OfficeJet zilianza siku moja kukataa katriji za watengenezaji wengine. Utaratibu huo HP inauita Dynamic Security. Malalamiko yalikuwa makubwa, kampuni ikaomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja, na ikatoa sasisho la kuuondoa kwa printa zilizohusika, lakini utaratibu wenyewe uliendelea kwenye printa za baadaye.

Hapa kuna jambo linalokuhusu sana wewe unayejaza. Kizuizi hicho kinalenga chipu na saketi zisizo za HP. HP yenyewe inasema katriji iliyojazwa upya ikiwa bado na chipu au saketi yake ya asili haizuiwi na utaratibu huu. Kwa hiyo ukiwa umejaza katriji halisi ya HP na ikakataliwa kwa ujumbe wa kuzuiwa, angalia mahali pengine kabla ya kulaumu sasisho. Kwanza, je, katriji hii ilitoka kwenye printa nyingine? Kuna mpangilio uitwao Cartridge Protection ambao, ukiwa umewashwa, unaifunga katriji kwa printa ya kwanza iliyoitumia. Fungua ukurasa wa printa kwa kuandika anwani yake ya IP kwenye kivinjari, utafute mpangilio huo na uuzime. Kuuzima kutasaidia katriji zitakazowekwa kuanzia hapo. Zilizokwisha kufungwa zinabaki zimefungwa, na zinafanya kazi kwenye printa yao ya asili pekee.

Pili, je, ni katriji ya mpango wa malipo ya mwezi wa Instant Ink? Hizo zina ruhusa inayotoka kwa HP kupitia intaneti. Usajili ukisitishwa, katriji inaacha kufanya kazi hata ikiwa imejaa wino, na kuijaza hakubadilishi kitu. Usinunue katriji hizi zikiwa tupu ili uzijaze.

Tatu, je, printa yako iliwashwa chini ya mpango wa HP uitwao HP+? Jina la printa nyingi za namna hiyo huishia na herufi ndogo e. Masharti yake yanataka iunganishwe kwenye intaneti na itumie katriji halisi za HP kwa maisha yake yote. Anayenunua printa kwa nia ya kujaza wino mwenyewe asome sanduku vizuri kabla ya kukubali mpango huo wakati wa kuiwasha mara ya kwanza.

Kama printa yako bado inakubali katriji ulizo nazo, zima masasisho ya kiotomatiki leo, ukiwa na uwezo wa kuchagua. Kurudisha toleo la zamani baada ya sasisho kuingia huwa hakuwezekani kwenye printa nyingi za kawaida. Sitaki kuficha kwamba masasisho hayo pia huziba mianya ya usalama. Suluhisho ninaloliona la haki ni kuiondoa printa kwenye Wi-Fi na kuiunganisha kwa waya wa USB. Haijisasishi kimyakimya kupitia mtandao, wala haiachwi wazi humo.

Kuhusu haki: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, iliamua kwamba mwenye hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) akishauza katriji, hawezi tena kutumia hataza hiyo kumzuia mnunuzi kuijaza au kuiuza. Uamuzi huo ni wa Marekani, na haukumlazimisha mtengenezaji yeyote kuifanya printa ikubali. Kwa maoni yangu kitu ulichokilipia ni chako, na kukijaza wino ni haki yako kama mwenye kitu.

Dalili: inakubali lakini karatasi inatoka nyeupe au yenye mapengo

Sasa tumetoka kwenye umeme na kuingia kwenye wino. Chukua tishu, ikunje mara kadhaa, ilowanishe kidogo kwa maji ya uvuguvugu, na ukandamize katriji yenye kichwa juu yake kwa sekunde chache, vitundu vikiangalia chini. Nyanyua uangalie alama. Mstari mzito uliokamilika unaonyesha wino unafika na shida iko kwingine, pengine viguso. Mstari uliokatika unaonyesha vitundu vimeziba. Hakuna mstari wowote, basi wino haufiki chini kabisa.

Wino usipofika chini, mara nyingi kuna hewa kati ya wino mpya na vitundu. Ndani ya katriji hizi mna sponji, na aliyejaza kwa haraka huacha mfuko wa hewa katikati yake. Wino unakaa juu, chini pakavu. Hii ndiyo sababu ya kujaza taratibu: ingiza sindano mpaka karibu na sakafu ya sponji, sukuma wino kidogokidogo huku ukiinua sindano polepole, ukiipa sponji muda wa kunywa. Ukiona wino unapanda na kufurika kwenye tundu la juu, simama na uvute kidogo urudi kwenye sirinji. Canon PG-445 ya kawaida hutoka kiwandani na mililita 8 tu, kwa hiyo anayemimina sirinji nzima ya mililita 10 kwa mkupuo anajitafutia mafuriko.

Hewa iliyokwisha ingia unaitoa kwa subira au kwa kunyonya. Kwa subira, isimamishe katriji juu ya tishu yenye unyevu, vitundu chini, kwa saa moja au mbili. Kwa kunyonya, kuna klipu zinazokaa chini ya katriji zenye mpira na nafasi ya sirinji isiyo na sindano. Vuta polepole mpaka wino uje bila mapovu. Usipulize hewa kutoka juu. Unasukuma mapovu chini na kuchanganya rangi.

Kwa vitundu vilivyoziba na wino mkavu, weka maji ya moto kiasi kwenye sahani, kina cha milimita chache, na usimamishe katriji ndani yake ili kibati tu ndicho kiguse maji. Nusu dakika inatosha, kisha ikandamize kwenye tishu kavu. Rudia ikibidi. Maji yasifike kwenye nukta za shaba.

Kwenye Epson kichwa kiko ndani ya printa na hakitumii joto. Vipande vya piezo hupinda kwa umeme na kusukuma wino. Faida yake ni kwamba hakiungui kwa ukavu kama vile vya joto. Hasara ni kwamba kikiziba huwezi kukitupa na kuweka kingine kirahisi. Fanya usafishaji wa kichwa kutoka kwenye menyu mara mbili au tatu, chapa ukurasa wa kupima vitundu kila baada ya usafishaji, na kusipokuwa na mabadiliko acha printa ipumzike saa kadhaa kabla ya kujaribu tena. Kurudia usafishaji mara kumi mfululizo kunakula wino uliouweka na kuujaza kwenye pedi ya wino taka iliyo chini ya printa. Pedi hiyo nayo ina hesabu yake, na ikifika kikomo printa inasimama kwa sababu nyingine kabisa.

Dalili: kurasa chache nzuri, kisha rangi inafifia

Dalili hii mara nyingi huwa na maana moja: katriji haipumui. Wino ukitoka lazima hewa iingie nyuma yake, la sivyo mvutano ndani ya katriji unazuia wino kushuka. Ukiiacha usiku kucha inarudi kuchapa vizuri, halafu inafifia tena baada ya kurasa chache. Ukiona mzunguko huo, usifanye kitu kingine chochote kabla ya kuangalia njia ya hewa.

Kwenye katriji za sponji, chini ya lebo ya juu kuna vijifereji na vitundu vya hewa. Aliyejaza akaziba juu yote kwa selotepu pana, au kwa gundi, amevifunga. Ondoa selotepu, bandika kipande chembamba kinachofunika tundu la kujazia pekee, na ukiache kilegee kidogo. Kwenye katriji za kujaza za Epson angalia kizibo kidogo cha hewa ambacho hutolewa kabla ya kuweka katriji kwenye printa.

Canon za chombo kimoja kwa kila rangi ni kinyume upande mmoja, na hapa wengi huharibu. Zina vyumba viwili: kimoja chenye sponji, kingine chenye wino huru. Tundu la hewa liko upande wa sponji na libaki wazi. Tundu unalojazia upande wa wino huru lazima lizibwe kabisa, hewa isipite hata kidogo. Likivuja hewa, wino wote wa chumba kile unashuka kwenye sponji, unaijaza kupita kiasi, na unamwagika ndani ya printa.

Dalili: rangi zimeingiliana au wino unadondoka

Kwenye katriji ya rangi tatu, kuta zinazotenganisha vyumba ni nyembamba na zinafika karibu na mfuniko. Ukizidisha chumba kimoja, wino unavuka. Njano ndiyo huumia kwanza kwa sababu tone dogo la bluu linaigeuza kijani. Kosa jingine ni kuingiza rangi kwenye tundu lisilo lake, kwa kuwa mpangilio wa matundu hautabiriki kati ya namba moja na nyingine. Chovya kijiti cha kuchokolea meno kwenye kila tundu kabla ya kujaza uone rangi inayotoka. Fanya hivyo hata kama una mchoro wa maelekezo.

Mchanganyiko mdogo huisha wenyewe ukichapa kurasa mbili tatu zilizojaa rangi iliyochafuka peke yake, au ukinyonya kutoka chini kwa klipu mpaka rangi iwe safi. Mchanganyiko mkubwa, ambapo sponji yote imelowa rangi ya jirani, ni shida ngumu, na mara nyingi haileti faida kuupigania.

Kudondoka ni kujaza kupita kiasi. Isimamishe juu ya tishu mpaka iache kutoa wino yenyewe, na usiirudishe kwenye printa ikiwa bado inatoa tone. Wino ukifika kwenye vile vipini vya ndani umerudi kwenye tatizo la printa kutoitambua katriji.

Wino wenyewe

Wino mweusi wa maandishi kwenye HP na Canon nyingi ni wa chembe za rangi, wakati rangi nyingine huwa ni za kuyeyuka. Wino wa chembe hukaa juu ya karatasi na kutoa herufi zenye ukingo mkali. Wa kuyeyuka huzama na kusambaa. Ukiweka wa kuyeyuka palipotakiwa wa chembe, herufi zinatoa unyoya, lakini printa haidhuriki. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa kuwa chembe huweza kuziba vitundu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yake, na wino wa aina mbili ukikutana ndani ya sponji huweza kugandana. Chupa iliyoandikwa inafaa kwa printa zote ndiyo ninayoiogopa zaidi. Nunua iliyotaja jamii ya katriji yako, na usibadilishe chapa ya wino katikati kama iliyopo inafanya kazi.

Katriji ambayo hutaitumia kwa wiki kadhaa usiiache ikiangalia hewa. Weka tone la maji kwenye kibati, kifunike kwa selotepu isiyofika kwenye shaba, iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ikiwa imesimama kama inavyokaa ndani ya printa. Siku ya kuitoa, ianzie kwenye tishu yenye unyevu kabla ya kuipeleka kwenye printa.